Vipaumbele vya Utafiti katika Ganzi ya Sehemu: Namna ya Kuvipanga

Bloku ni sindano ya dawa ya ganzi inayozuia neva zisipeleke maumivu kutoka eneo fulani la mwili. Mwaka 2016 ilielezwa kwa mara ya kwanza bloku ya ESP, ambayo dawa ya ganzi huwekwa chini ya misuli inayonyoosha mgongo, na katika miaka michache iliyofuata makala zilizoihusu zilifikia mamia. Sehemu kubwa ya makala hizo zilikuwa taarifa za mgonjwa mmoja au wawili, au majaribio madogo yaliyowalinganisha waliopata bloku na wale waliopewa dawa za kawaida za maumivu peke yake. Mtaalamu wa usingizi, yaani anayetoa dawa za nusukaputi na ganzi, akitaka kujua iwapo bloku hiyo inamfaa mgonjwa aliyevunjika mbavu kuliko ganzi ya epidura, inayotiwa kwa mrija karibu na uti wa mgongo, bado anahangaika kupata jibu la uhakika, ingawa yaliyoandikwa ni mengi. Jambo hilohilo lilikuwa limetokea kabla yake kwa bloku ya TAP ya ukuta wa tumbo iliyoelezwa mwaka 2001, na hakuna sababu ya kudhani kwamba halitajirudia kwa bloku itakayobuniwa kesho, kwa kuwa mtindo wa fani hii umekuwa kuanza na sindano na kulitafuta swali baadaye.

Mwongozo huu unamhusu yeyote aliyepewa jukumu la kuandaa orodha ya vipaumbele, iwe ni kamati ya chama cha wataalamu wa usingizi, idara ya chuo kikuu au mfadhili anayetaka kujua fedha zake zielekezwe wapi. Msimamo wake utaonekana katika kila hatua: swali linastahili kipaumbele pale tu ambapo jibu lake, liwe ndiyo au hapana, lingebadilisha kitu katika huduma anayopewa mgonjwa. Kama kila mjumbe wa kamati anajua moyoni kwamba ataendelea kuitumia bloku fulani hata jaribio likionyesha haisaidii, swali kuhusu bloku hiyo halina nafasi katika orodha, hata liwe linavutia namna gani.

Mipaka na wajumbe

Kabla ya kukusanya swali lolote, andikeni ukurasa mmoja unaosema orodha inahusu nini na haihusu nini. Ganzi ya sehemu ni neno pana. Ndani yake mna ganzi ya uti wa mgongo, epidura ya uzazi, bloku za neva za mikono na miguu, bloku za tando za misuli, na kwa baadhi ya watu hata sindano za maumivu sugu kliniki. Orodha inayojaribu kuyabeba yote hayo huishia na maswali mapana mno ambayo hakuna mtafiti anayeweza kuyafanyia kazi. Ni afadhali kuchagua, kwa mfano, ganzi ya sehemu kwa watu wazima wanaofanyiwa upasuaji, na kuweka kipindi cha miaka mitano, kisha kuwaachia wengine uzazi na watoto, kuliko kutoa orodha inayogusa kila kitu na isiyoelekeza popote.

Kuhusu wajumbe, kosa la kawaida ni kuijaza kamati mabingwa wa bloku. Hao wanahitajika, lakini wao ndio wanaopenda mbinu ngumu na ndio waliozizoea. Muweke pia mtaalamu wa usingizi anayefanya kazi zamu za usiku bila msaidizi, daktari wa upasuaji, muuguzi wa wodi anayempokea mgonjwa mwenye mguu uliokufa ganzi, mtaalamu wa fiziotherapia anayetakiwa kumsimamisha mgonjwa huyo kesho yake, mtakwimu mmoja, na wagonjwa waliowahi kupewa ganzi ya sehemu, wakiwemo wale ambao haikuwashika. Wagonjwa wawe wawili au watatu, kwa sababu mmoja akiwa peke yake katikati ya madaktari wengi atanyamaza. Kila mjumbe aandike maslahi yake, hasa malipo kutoka kwa watengenezaji wa sindano, mashine za ultrasaundi au dawa za ganzi za muda mrefu, na mwenye maslahi katika swali fulani asilipigie kura swali hilo.

Kusanya mashaka ya watu

Ukimwuliza mtaalamu wa usingizi aseme utafiti gani unahitajika, atakutajia mada: deksamethasoni ya kurefusha muda wa ganzi, akili bandia, bloku mpya ya nyonga. Mwulize badala yake ni lini mara ya mwisho alisimama mbele ya mgonjwa akiwa hajui afanye nini, na alikosa taarifa gani. Majibu hubadilika mara moja. Mmoja atasema hakujua kama amfanyie bloku mgonjwa aliyevunjika mfupa wa mguu, kwa kuhofia kuficha maumivu yanayoonya kwamba shinikizo la hatari linapanda ndani ya misuli. Mwingine atasema hakujua kama amwache mgonjwa mwenye ugonjwa wa mapafu bila bloku ya bega, kwa sababu ile ya shingoni, kwa mililita 20 za dawa ambazo wengi wamezizoea, hupooza nusu ya kiwambo cha kupumulia karibu kwa kila mtu. Hayo ni mashaka ya kweli, na kila moja lina mgonjwa ndani yake.

Wagonjwa nao huleta mambo ambayo wataalamu hawayataji. Wanauliza kama watasikia wakikatwa. Wanauliza mkono utarudi lini, na nani wa kumpigia simu usipokuwa umerudi asubuhi. Zaidi ya yote wanaeleza usiku wa kwanza nyumbani: waliondoka hospitali bila maumivu yoyote, wakaambiwa kila kitu kimekwenda vizuri, wakalala, kisha saa nane usiku ganzi ikaisha ghafla na maumivu yakaja yote kwa pamoja, makali kuliko walivyowahi kuonywa, na vidonge vilikuwa bado ndani ya mfuko havijafunguliwa. Wataalamu huyaita maumivu ya marejeo. Katika tafiti nyingi za bloku usiku huo hauonekani kabisa, kwa sababu kipimo cha mwisho kilichukuliwa mgonjwa akiwa bado na ganzi, au wastani wa saa 24 umeuficha.

Shirika la James Lind Alliance la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 2004, limejenga utaratibu mzima juu ya wazo hili la kuwaketisha wagonjwa, walezi na watoa huduma meza moja na kuwataka wakubaliane maswali kumi ya juu. Orodha yake ya usingizi na huduma za kabla na baada ya upasuaji ilitoka mwaka 2015, na maumivu sugu yanayobaki baada ya upasuaji ni miongoni mwa yaliyopewa uzito mkubwa. Utaratibu huo unaweza kuufuata karibu kama ulivyo: hojaji ya wazi kwa watu wengi, kuyaunganisha majibu yanayofanana, kuyapima dhidi ya ushahidi uliopo, kura ya kupunguza, kisha mkutano wa siku moja wa kuamua. Ninachoongeza ni kwamba maneno ya asili ya aliyeuliza yahifadhiwe pembeni ya kila swali hadi mwisho, kwa kuwa maswali yanapounganishwa hupoteza makali na hugeuka kuwa vichwa vya sura.

Geuza shaka kuwa swali

Chukulia jibu hili la hojaji: "Je, bloku ya ESP inafanya kazi?" Likiachwa hivyo litapata kura nyingi na halitafanyiwa utafiti wenye faida. Inafanya kazi kwa nani? Ikilinganishwa na nini? Kazi gani, na ipimwe lini? Baada ya kuulizwa hayo, swali linaweza kusomeka hivi: kwa watu wazima waliovunjika mbavu tatu au zaidi, je, bloku ya ESP yenye katheta (mrija mwembamba wa kuendelea kutia dawa), ikilinganishwa na epidura ya kifua, inaruhusu mgonjwa kukohoa na kuvuta pumzi kwa kina katika siku tatu za kwanza kwa kiwango kisicho duni, na kwa kushuka kidogo zaidi kwa shinikizo la damu? Sasa kuna kundi la wagonjwa, kuna mlinganisho unaolingana na uamuzi halisi wa daktari, kuna tokeo ambalo mgonjwa mwenyewe analihisi, na kuna muda.

Mlinganisho ndio unaostahili uangalizi mkubwa kuliko vipengele vingine vyote. Bloku yoyote ile ikilinganishwa na kutofanya lolote ina nafasi nzuri ya kuonekana bora, angalau kwa saa chache, na ndiyo maana majaribio ya namna hiyo ni mengi na rahisi. Katika upasuaji ambao mgonjwa tayari anapata parasetamoli, dawa ya kupunguza uvimbe na ganzi iliyochomwa na daktari wa upasuaji kwenye jeraha, mlinganisho wa haki ni huo mchanganyiko, si mgonjwa aliyenyimwa kila kitu. Swali ambalo limeandikwa bila kutaja mlinganisho lirudishwe kwa aliyeliandika.

Angalia kilichokwisha kujibiwa, na kwa kiwango gani

Mwaka 2009 watafiti Iain Chalmers na Paul Glasziou walikadiria kwamba takriban 85% ya uwekezaji katika utafiti wa tiba hupotea bure, na mojawapo ya sababu walizotaja ni kuuliza upya yaliyokwisha kujibiwa. Kwa hiyo kila swali lipelekwe kwenye mapitio ya kimfumo ya tafiti kabla ya kura. Katika ganzi ya sehemu yapo majibu makubwa ya miaka ya karibuni ambayo kamati haiwezi kuyaruka. Jaribio la REGAIN la mwaka 2021 liliwahusisha wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga Marekani na Kanada. Waliokufa au kushindwa kutembea wenyewe baada ya siku 60 walikuwa 18.5% kwa ganzi ya uti wa mgongo na 18.0% kwa nusukaputi. Jaribio la RAGA la China, la mwaka 2022, lenye wagonjwa 950, lilikuta kuchanganyikiwa akili baada ya upasuaji huohuo kwa 6.2% ya waliopata ganzi ya sehemu na 5.1% ya waliolazwa usingizi. Mwaka 2019 jaribio lililowafuatilia zaidi ya wanawake 2,100 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti lilionyesha kwamba saratani ilirejea kwa 10% katika makundi yote mawili, la bloku ya kando ya uti wa mgongo na la nusukaputi ya gesi. Mwaka huohuo jaribio la GAS, lililoanza na watoto wachanga 722, halikukuta tofauti ya uwezo wa akili wakiwa na umri wa miaka mitano kati ya waliopata ganzi ya sehemu wakiwa macho na waliolazwa usingizi kwa takriban saa moja.

Matokeo haya yaliwavunja moyo wengi waliotarajia ganzi ya sehemu iokoe maisha, ilinde ubongo na izuie saratani. Kwa mpanga vipaumbele yana thamani kubwa, maana yanafunga milango kadhaa ya gharama. Swali la iwapo ganzi ya uti wa mgongo inapunguza vifo kwa wagonjwa wote wa nyonga halipaswi kurudi mezani kwa sura ileile. Linaloweza kurudi ni dogo na kali zaidi, kwa mfano kuhusu wagonjwa wenye ugonjwa mkali wa mapafu ambao ni wachache katika majaribio hayo. Tahadhari ni kwamba jaribio dogo lililosema halikuona tofauti halijafunga mlango wowote. Angalia masafa ya uhakika yaliyotolewa, yaani namba mbili ambazo jibu la kweli linadhaniwa kuwa kati yake: kama bado yanaruhusu faida kubwa na pia madhara makubwa, swali liko wazi.

Kuna jambo moja lisilopendeza ambalo halina budi kusemwa. Fani ya usingizi imekumbwa na data za kughushi kuliko fani nyingi. Mwaka 2009 makala zaidi ya 20 za mtafiti mmoja wa Marekani kuhusu tiba ya maumivu ya baada ya upasuaji ziligunduliwa kuwa na data za uongo. Uchambuzi wa majaribio yaliyowasilishwa kwa jarida moja kubwa la fani kati ya mwaka 2017 na 2020 ulikuta kwamba, pale data za kila mgonjwa zilipopatikana, 44% ya majaribio yalikuwa na data za uongo ndani yake. Kwa sababu hiyo, mapitio yanayojumlisha majaribio madogo ishirini ya kituo kimoja kimoja yasihesabiwe kuwa jibu hadi mtu ameuliza kama majaribio hayo yalisajiliwa kabla ya kuanza na kama data zake zinaweza kuonekana. Wakati mwingine kipaumbele sahihi ni kulijibu upya swali ambalo kila mtu anadhani limejibiwa.

Madhara adimu yana hesabu yake

Usalama hupata kura nyingi katika kila kamati, na ndipo maswali yasiyojibika huingia kwa urahisi. Hesabu mbili zinatosha kuyachuja. Ya kwanza ni kanuni inayotumia namba tatu: ukifanya bloku 300 bila kuona jeraha lolote la neva, ulichothibitisha kwa uhakika wa 95% ni kwamba jeraha halizidi 3 kugawanywa kwa 300, yaani 1%. Taarifa ya "wagonjwa 300 bila madhara" inasikika vizuri, lakini haiwezi kutenganisha mbinu salama na mbinu inayomwumiza mgonjwa mmoja katika kila 150. Hesabu ya pili ni ya jaribio. Tuseme jeraha la kudumu linatokea kwa watu 4 katika kila 10,000, na mbinu mpya inadhaniwa kulipunguza kwa nusu. Kulithibitisha hilo kwa uwezo wa 80%, yaani nafasi ya 80% ya kuiona tofauti ikiwa ipo kweli, kunahitaji takriban wagonjwa 118,000 katika kila kundi. Hakuna atakayelifadhili jaribio hilo, na hakuna haja ya kulipendekeza.

Swali la namna hii liandikwe kama swali la rejista ya wagonjwa au la ukaguzi wa nchi nzima. Mfano mzuri ni ukaguzi wa Uingereza wa NAP3, ulioripotiwa mwaka 2009, ambao ulikadiria sindano 707,455 za uti wa mgongo na epidura kwa mwaka na kukuta madhara ya kudumu kati ya 2.0 na 4.2 kwa kila 100,000, kutegemea namna kesi zenye utata zilivyohesabiwa. Takwimu hiyo ndiyo daktari anaweza kumwambia mgonjwa bila kubahatisha. Yapo pia maswali ambayo hayatapata kamwe jaribio la nasibu, lile la kuwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati. Mafuta ya mshipani kwa mgonjwa aliyepata sumu ya dawa ya ganzi yalianza na panya maabara mwaka 1998, mgonjwa wa kwanza aliyeokolewa akaripotiwa mwaka 2006, na tiba ikaingia katika miongozo kwa nguvu ya maelezo ya kifiziolojia na taarifa za kesi. Kamati itambue maswali ya aina hiyo mapema na kuyawekea njia yake badala ya kuyaacha yashindwe katika kura kwa kukosa muundo wa jaribio.

Tokeo litakalopimwa liamuliwe sasa

Tafiti nyingi za bloku hupima miligramu za mofini zilizotumika katika saa 24. Kipimo hicho ni rahisi kupatikana, na ndiyo sababu yake kubwa ya kuwepo. Kupungua kwa miligramu 4 kunaweza kufikia kiwango cha kitakwimu bila mgonjwa kuhisi tofauti yoyote. Wengi huchukulia miligramu 10 kuwa tofauti ndogo inayostahili kutajwa. Katika kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100, tofauti ya takriban alama 10 ndiyo ndogo inayohisiwa, na katika hojaji ya QoR-15 ya ubora wa kupona baada ya upasuaji, yenye maswali 15 na jumla ya alama 150, ni alama 6 hadi 8. Dawa ya ganzi ya bupivakaini iliyofungwa ndani ya liposomu (vifuko vidogo mno vya mafuta), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, ni funzo la kutosha: mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikuta kwamba faida yake katika bloku, ikilinganishwa na bupivakaini ya kawaida, ni ndogo kiasi cha kutokuwa na uzito kwa mgonjwa, ingawa majaribio mengi yalikuwa yamefanyika.

Kwa kila swali linalobaki, kamati iandike tokeo moja kuu, muda wake na tofauti ndogo inayohesabika. Maumivu yapimwe mgonjwa akijongea, si akiwa amelala tu. Kipimo kimoja kichukuliwe baada ya ganzi kuisha. Kama swali linahusu maumivu sugu, ufuatiliaji usipungue miezi mitatu, kwa kuwa huo ndio muda unaotumika katika uainishaji wa magonjwa wa ICD-11 kuyatambua maumivu hayo, na jaribio linaloishia wiki ya pili haliwezi kusema lolote kuyahusu.

Kupiga kura bila kujidanganya

Njia ya Delfi, iliyobuniwa katika shirika la utafiti la RAND la Marekani miaka ya 1950, hutumika sana: wajumbe hupiga kura kwa siri, huonyeshwa matokeo ya wenzao, kisha hupiga tena, kwa kawaida mizunguko miwili au mitatu. Vyama vya ganzi ya sehemu vya Ulaya na Marekani viliitumia mwaka 2021 kusawazisha majina ya bloku za kifua na tumbo, vikiweka 75% kuwa alama ya makubaliano thabiti. Njia hii ni nzuri kwa kutafuta makubaliano, lakini kwa vipaumbele ina udhaifu: maoni ya wachache wenye sababu nzuri humezwa. Kwa hiyo napendelea kuiunganisha na utaratibu wa CHNRI, uliotungwa kwa ajili ya utafiti wa afya ya watoto na kutolewa mwaka 2007, ambao kila swali hupewa alama 0, 0.5 au 1 kwa kila kigezo, kisha wastani huchukuliwa. Vigezo vinavyofaa hapa ni vitano: linajibika, linamfaidi mgonjwa, matokeo yake yanatekelezeka, linapunguza pengo kati ya walionacho na wasionacho, na ushahidi uliopo haujatosha.

Tuone kwa mfano wa kubuni. Swali la kwanza linauliza kama deksamethasoni inafaa zaidi ikichanganywa katika bloku kuliko ikitiwa mshipani. Wajumbe wanalipa 0.90, 0.55, 0.95, 0.30 na 0.25, wastani ni 0.59. Swali la pili linauliza kama mpango ulioandikwa wa kumeza dawa kabla ganzi haijaisha, pamoja na simu moja usiku wa kwanza, unapunguza maumivu ya marejeo. Linapata 0.85, 0.75, 0.80, 0.70 na 0.80, wastani ni 0.78. Swali la tatu linauliza kama kuwafundisha wataalamu wote bloku 7 za msingi, kama ilivyopendekezwa mwaka 2020, kunaongeza idadi ya wagonjwa wanaopata bloku inayowafaa ikilinganishwa na kuwategemea mabingwa wachache. Linapata 0.60, 0.90, 0.45, 0.95 na 0.85, wastani ni 0.75.

Sasa mjumbe mmoja anapendekeza kigezo cha pengo kihesabiwe mara mbili. Swali la pili linashuka hadi 0.77 na la tatu linapanda hadi 0.78, na nafasi zao zinabadilishana. Hakuna ubaya katika kukipa kigezo hicho uzito zaidi. Ubaya ni kuamua hivyo baada ya kuona swali lako limeshindwa. Uzito wa vigezo uandikwe na kusainiwa kabla ya kura ya kwanza. Aidha tofauti ya 0.01 isichukuliwe kuwa ni cheo, maana mjumbe mmoja au wawili kubadilisha 0.5 kuwa 1 inatosha kuigeuza. Maswali yaliyokaribiana hivyo yawekwe katika kundi moja, na alama za wagonjwa zionyeshwe kando na za wataalamu. Pale makundi hayo mawili yanapotofautiana sana, msikimbilie wastani: itisheni mazungumzo, kwa sababu mara nyingi upande mmoja unajua kitu ambacho mwingine hajakisikia.

Nikiulizwa maoni yangu, maswali ya aina ya pili na ya tatu ndiyo yanayodharauliwa kuliko yanavyostahili. Hayana bloku mpya ya kupewa jina. Akili bandia inayopaka rangi neva kwenye skrini ya ultrasaundi huenda ikapata ufadhili kwa urahisi zaidi, nami siipingi, mradi swali lake liwe kama bloku zinashika zaidi na kumdhuru mgonjwa mara chache zaidi mikononi mwa asiye bingwa. Usahihi wa rangi zenyewe si tokeo la mgonjwa.

Orodha ya mwisho iandikweje

Maswali kumi yanatosha. Ishirini ni mengi. Kila swali lipewe nusu ukurasa wenye muundo wake kamili, maneno ya mtu aliyeliuliza kwanza, muhtasari wa ushahidi uliopo, aina ya utafiti unaofaa, makadirio ya idadi ya wagonjwa, na sentensi mbili zinazosema huduma itabadilikaje jibu likiwa ndiyo na itabadilikaje likiwa hapana. Ikiwa sentensi hiyo ya pili haiandikiki, swali liondolewe hata kama lilipata kura nyingi. Namna orodha ilivyopatikana ielezwe wazi kwa kufuata mwongozo wa kuripoti wa REPRISE wa mwaka 2019: nani walialikwa, nani walijitoa mizunguko ikiendelea, nani alilipa gharama, na maswali gani yalikataliwa na kwa sababu ipi. Orodha ya yaliyokataliwa ichapishwe pamoja na ile ya yaliyokubaliwa, maana itamwokolea mtafiti kijana miaka ya kazi.

Kila swali pia liwe na mtu au kikundi kinacholifuatilia, kwa jina la nafasi yao, na kipewe kazi mbili tu: kuangalia kila mwaka kama jaribio kubwa limesajiliwa au limetoa matokeo, na kuijulisha kamati. Jaribio lenye ukubwa wa kutosha likishasajiliwa, swali lihamishiwe kwenye orodha ya yanayosubiri ili fedha zisigawanywe kwa majaribio madogo yanayofanana. Likishajibiwa, lifutwe, na nafasi yake ichukuliwe na lililofuata katika alama. Kama baada ya miaka mitano swali halijafanyiwa lolote na yeyote, kamati imrudie aliyeliuliza kwanza na kumwuliza kama bado analihitaji jibu lake.